Kutoa kutu ya juu kwenye zana za zamani: siki, asidi ya sitriki, umeme, au mafuta na subira?

MrithiWaSanduku
Salaam wanajukwaa. Nimeachiwa sanduku la zana za mkono za zamani ambazo hazijaguswa kwa miaka mingi, na karibu zote zimeshika kutu. Katika kusoma hapa na pale nimekusanya njia nne: kuloweka kwenye siki, kuloweka kwenye asidi ya sitriki, kutumia umeme wa chaja ya betri, na kusugua kwa mafuta na stilwulu, yaani nyuzi laini za chuma. Kesho kutwa ninanunua vifaa na sipendi kununua vya njia zote nne. Ipi inazishinda nyingine? Natanguliza shukrani.

PatasiTatu
Ndugu Mrithi, swali lako halijibiki bado. Ni zana gani hizo? Kuna misumeno ndani yake? Mipini inatoka, au imekazwa kwa ribiti? Kutu ni vumbi jekundu la juu, au imekwisha kuchimba vishimo? Na zaidi ya yote, unakusudia kuzifanyia kazi au kuzihifadhi kama kumbukumbu? Kabla ya kununua chochote, dondoshea sehemu moja mafuta ya cherehani, iache saa moja, kisha ipitishie wembe ukiwa umelazwa karibu kabisa na chuma. Kutu ikitoka kama ugando na chini yake ukaona weusi laini, huna haja ya asidi yoyote.

BwanaSitriki
Mimi sitasubiri maelezo, kwa sababu jibu langu halibadiliki. Changanya gramu 50 za asidi ya sitriki katika kila lita ya maji ya uvuguvugu, zamisha zana yote, na uikague kila baada ya nusu saa huku ukiisugua kwa brashi laini. Haina harufu kama siki, ni rahisi kuhifadhi kwa kuwa ni unga, na nguvu yake unaipima mwenyewe. Ikitoka, isuuze katika maji yenye magadi soda ili kuua asidi iliyobaki, ikaushe papo hapo, kisha ipake mafuta. Ukizembea hapo mwishoni, kutu changa ya rangi ya chungwa itarudi kabla hujamaliza kusafisha meza.

MzeeRanda
Naomba radhi kwa urefu, lakini afadhali makosa yangu yamfae mwingine. Nilikuwa na msumeno wa mkono wa zamani ambao kwenye bapa lake kulikuwa na chapa ya mtengenezaji, iliyochorwa kwa asidi, hafifu kiasi kwamba uliiona tu ukiugeuza kuelekea mwangani. Beseni langu lilikuwa fupi, kwa hiyo nikausimamisha ndani ya siki, nusu ndani na nusu nje, nikaenda kulala nikiamini kwamba siki ya jikoni, yenye asidi ya asilimia 5 hivi, haiwezi kumdhuru mtu wala chuma. Asubuhi kutu ilikuwa imekwisha kweli, na chapa nayo imekwenda nayo. Nusu ya bapa ilikuwa ya kijivu iliyofifia kama jivu la kuni mbichi, na pale uso wa siki ulipokutana na hewa palikuwa na mstari ulioliwa, unaousikia kwa ukucha, ukikata bapa toka upande hadi upande. Nilipiga msasa siku mbili nikijaribu kuufuta mstari huo, na nikaufanya msumeno kuwa mwembamba pasipotakiwa. Unakata mpaka leo, sikatai, ila kila ninapoushika naona ule mstari.

BwanaSitriki
Pole sana, Mzee, lakini hilo ni kosa la muda na la beseni, si la asidi. Nimesema kuzamisha yote na kukagua kila nusu saa.

MzeeRanda
Ni kweli, na binadamu husahau. Kitambaa chenye mafuta hakijawahi kuharibu kitu kwa sababu mwenyewe alipitiwa na usingizi.

WayaWaUmeme
Nashangaa umeme unatajwa mara moja tu. Mimina maji katika ndoo ya plastiki, tia kijiko cha sodiamu kaboneti, yaani soda ya kufulia nguo, kwa kila lita nne, funga zana kwenye waya hasi wa chaja ya volti 12 na kipande cha chuma chakavu kwenye waya chanya, na uhakikishe havigusani. Uzuri wake ni kwamba kutu ikishaisha, chuma kizima hakiendelei kuliwa hata ukichelewa. Masharti ni machache lakini hayana mjadala: fanyia nje, kwa kuwa gesi ya haidrojeni inayotoka hulipuka, usitumie chuma cha stenlesi upande wa chanya, kwa kuwa kromu yake hugeuka sumu ndani ya maji, na usitie humo kitu chenye aluminiamu.

PatasiTatu
Umesahau kwamba haidrojeni hiyo huweza kuingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike kwa urahisi.

WayaWaUmeme
Hata asidi hufanya hivyo, ndugu yangu, tena ikila chuma kwa wakati huohuo.

MrithiWaSanduku
Mnisamehe kwa kuchelewa. Kuna randa mbili, moja ya chuma na moja ya mbao, patasi nne, msumeno mmoja, kekee ya kutobolea, na jiriwa ndogo ya kubania vitu, yenye rangi ya kijani inayobanduka. Kutu ni ya juu, isipokuwa patasi moja yenye vishimo. Patasi na randa nitazitumia. Msumeno ningependa ubaki ulivyo. Nimeutazama mwangani baada ya kusoma habari ya Mzee, na kuna maandishi.

MzeeRanda
Basi msumeno usiukaribishe kwenye kimiminika chochote. Wembe uliolazwa, mafuta mepesi, na stilwulu ya namba 0000, ile laini kabisa, ukifuata urefu wa bapa na kuifuta tope mara kwa mara. Weusi utakaoubakiza si uchafu, nao unasaidia kukinga chuma.

BwanaSitriki
Weusi huo huo huficha mabaki ya kutu kwenye vishimo. Ile patasi nipeni mimi. Vishimo vikiwa upande wa bapa, karibu na makali, hakuna njia itakayovirudisha. Utanoa mpaka uvipite.

PatasiTatu
Na hiyo jiriwa? Rangi ya zamani huweza kuwa na risasi, kwa hiyo usiipige msasa mkavu, na ujue kwamba maji ya soda ya ndugu Waya yatailegeza rangi yote.

WayaWaUmeme
Hilo nalikubali. Randa ya mbao nayo isiingie majini. Toa ulimi wake na kabari, usafishe chuma peke yake.

PatasiTatu
Ukimaliza, paka nta. Ukichagua mafuta ya kitani kwa mipini, tandaza vitambaa vyake vikauke nje, kwa maana vikifinyangwa pamoja hupata joto na kuwaka vyenyewe.

MzeeRanda
Nta kwa chuma kinachotumika kila siku? Mafuta ya cherehani yanatosha.

BwanaSitriki
Mafuta hukusanya vumbi, Mzee, na vumbi hunyonya unyevu.

MrithiWaSanduku
Nimeanza na patasi moja nzima: upande mmoja wa bapa kwa mafuta na wembe, mwingine nimeufunika kwa karatasi ya jikoni iliyolowa sitriki kwa nusu saa. Wa sitriki ni msafi zaidi, wa mafuta unapendeza zaidi. Vifaa bado sijanunua. Hivi kekee yenye meno ndani ya kichwa chake, mnaifunguaje kabla ya kuisafisha?