Tupeane uzoefu: nyumba ilivyoponea chupuchupu kupigwa mnada hapa Marekani

MamaNuru (Minneapolis):
Wakuu, za jioni. Juzi jirani yangu, mama wa Kikongo, kanigongea mlango na bahasha mkononi. "Dada, nisomee hii, watoto wako shule." Naichomoa, karatasi ya pili ya pinki. Sikusoma hata neno, nikakaa kwenye ngazi kwanza.

Wa Minnesota mnaijua ile karatasi. Sheria inataka ilani ya mnada iandamane na karatasi ya ushauri yenye rangi tofauti, maandishi mazito. Yangu ilikuja mwaka mume wangu alipoumia mgongo ghalani, tuko nyuma miezi minne. Mnada wa sherifu (mkuu wa polisi wa kaunti) umepangwa, tangazo linatoka gazetini kila wiki, wiki sita, na jina letu limeandikwa vizuri kuliko lilivyoandikwa kwenye vyeti vya watoto.

Kilichotuokoa ni mshauri wa makazi, wa bure, aliyeniambia kitu ambacho benki haikuwahi kutamka: mwenye nyumba anayeishi ndani anaweza kuusogeza mnada miezi mitano. Unaapa kiapo mbele ya notari, unakisajili kaunti, nakala kwa sherifu na kwa wakili wa benki, siku 15 kabla ya mnada au mapema zaidi. Ila kuna bei yake. Kwa kawaida mnada ukipita una miezi sita ya kuikomboa nyumba. Ukisogeza, inabaki wiki tano. Mume wangu alikataa, tukanuniana siku mbili. Mimi nikasema miezi mitano ya kabla ni bora, maana kabla ya mnada unalipa malimbikizo na gharama zao tu, baada ya mnada unatafuta pesa yote ambayo nyumba ilinunuliwa mnadani. Nikasaini.

Nyumba bado tunayo. Haya, na nyie mwageni.

Kobe_wa_Columbus:
Hizo bahasha mimi nilikuwa naziweka juu ya friji. Zikijaa nahamishia nyuma ya friji.

Shangazi Tausi (Sacramento):
@Kobe 😂😂 kumbe tuko wengi.

Dereva_TX:
Miezi sita ya kukomboa?? Minnesota mnabembelezwa kama wakwe. Njooni Texas. Hapa barua ya kwanza inakupa siku 20 ulipe, ya pili inakupa siku 21 kabla ya mnada, na mnada ni Jumanne ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa nne asubuhi. Ikishauzwa imeuzwa, rehani ya kawaida haina kukomboa.

Mimi hata sikuacha kulipa. Kodi ya ardhi ilipanda, eskro (ile akiba benki inayokuwekea ya kodi na bima) ikapungukiwa, benki ikaongeza malipo kama dola 600 kwa mwezi, mimi naendelea kutuma ile ya zamani. Wakawa wanairudisha! Nadhani nimelipa, kumbe hela imerudi kwenye akaunti nami naila. Nimekuja kushtuka niko Oklahoma na lori, mke anasoma barua kwenye simu huku analia. Ilikuwa Alhamisi. Mnada Jumanne.

Jumatatu saa tisa alasiri wakili akafungua Chapta 13, ile kinga ya mahakama kwa aliyeelemewa na madeni. Ikishapokelewa mahakamani tu, mnada unasimama hapo hapo. Malimbikizo yakatandazwa miaka mitano. Jumanne niliamka saa kumi alfajiri, nikakaa sebuleni na taa zimezimwa kama mwizi nyumbani kwangu mwenyewe.

Ustadh_Mpole:
Ndiyo tunasema kila siku, riba haina mwisho mwema.

Dereva_TX:
Ustadh, hiyo apatimenti unayopanga, mwenye nyumba wako amejenga kwa sadaka?

Ustadh_Mpole:
Dhambi yake iko kwake, kodi yangu iko kwangu.

Shangazi Tausi (Sacramento):
Jamani msituharibie uzi. Ustadh kuna kampuni za murabaha (ununuzi wa nyumba bila riba), na wao usipolipa nyumba wanachukua vilevile, kwa hiyo sheria hizi hata wewe zisome.

Mimi California. Nilituma makaratasi ya kuomba kurekebishiwa mkopo mara tano. Kila mara "stabu (hati) ya mshahara imepitwa na wakati". Bila shaka imepitwa, mmeikalia wiki sita! Halafu huku naomba, huku ilani ya mnada inabandikwa mlangoni. Tangu 2013 hiyo hapa ni marufuku: ombi likishakamilika, benki inatakiwa isimamishe mnada mpaka ijibu, ikupe na mtu mmoja wa kuongea naye, na ikikiuka unaishtaki. Neno ni LIKISHAKAMILIKA. Tuma yote siku moja, bakia na risiti ya kutuma.

Njoro_Dallas:
Ushauri wangu: acha kulipa miezi mitatu, ndio benki inakuchukulia siriasi. Ukilipa vizuri hawakusikilizi.

MamaNuru (Minneapolis):
Njoro usipotoshe watu. Sheria ya taifa zima inawazuia kuanza mnada kabla hujafikisha siku 120 nyuma, kwa hiyo watu wanadhani ni likizo. Siku ya 121 ndio utajua.

Njoro_Dallas:
Mimi ilinifanyia kazi.

Dereva_TX:
Na mjomba wangu alivuka barabara kuu kwa miguu, naye ilimfanyia kazi.

Baba_wa_Binti_Mmoja (Washington):
Nimesoma nikanyamaza, lakini acha niseme. Sijawahi kuwaambia hata ndugu zangu.

Nilikuwa nyuma miezi mitano. Mtu wa kwetu kabisa, tunasali pamoja, mke wake ndiye aliyempikia mke wangu uji wa uzazi, akaniambia: "Kaka, niandikie nyumba kwa muda, mimi mkopo wangu ni safi, utanilipa kodi, baada ya mwaka nakurudishia." Nikaona Mungu kajibu. Tukasaini mezani kwangu, chai ya tangawizi pembeni, notari kaja naye mwenyewe. Akanisisitiza nisipokee simu ya benki.

Siku ya nne binti yangu, yuko darasa la kumi na moja, anatafuta chaja kwenye droo. Akaikuta ile nakala. "Baba, kwa nini umeuza nyumba?" Namwambia sijauza. "Imeandikwa hapa, mpokeaji ni fulani, na wewe ni mpangaji." Kiingereza changu cha kazini kinatosha, cha kwenye hati nilikuwa namwachia huyo kaka.

Binti akapiga simu ya msaada wa wenye nyumba, kwa sauti ya mtu mzima. Yule mama akauliza swali moja tu: "Mlisaini lini?" Kumbe hapa jimbo la Washington sheria inampa mwenye nyumba aliye hatarini siku tano za kazi kufuta mauzo ya namna hiyo. Tulikuwa na siku moja. Tukaandika barua ya kufuta, kopi tatu, moja posta ya rejista, moja faksi kutoka duka la kopi, na moja nikampelekea mkononi saa tatu usiku. Alifungua mlango na kanzu ya kulalia. Hakuuliza ni nini. Alijua.

Baadaye mshauri alituombea upatanishi na benki, hapa unayo haki hiyo tangu 2011 ila lazima upelekwe na mshauri au wakili. Malimbikizo yakahamishiwa mwisho wa mkopo.

Kobe_wa_Columbus:
Mtaje jina.

Shangazi Tausi (Sacramento):
Binti apewe nyumba yeye!! Nimelia.

Njoro_Dallas:
Jina jina jina

MamaNuru (Minneapolis):
Hapana majina humu.

Baba_wa_Binti_Mmoja (Washington):
Simtaji. Bado tunasali pamoja. Anakaa safu ya mbele.

Mtoto_wa_Kariakoo:
Huku Dar dalali anakuja na spika kwenye Noah mtaa mzima wajue. Nyie mnaletewa pinki.

Wangari_Nrb:
Kenya nasi hatuko vibaya: notisi siku 90 za kulipa deni, kisha 40 za ilani ya kuuza, kisha 45 za dalali wa mnada. Ukihesabu ni karibu nusu mwaka, lakini watu huamka siku ya 44.

Mzee_Duluth:
Mimi nimemaliza mkopo, sina presha.

MamaNuru (Minneapolis):
Mzee, kodi ya ardhi umelipa? Hapa hapa kaunti yetu ya Hennepin bibi wa miaka 94, Geraldine Tyler, alidaiwa jumla dola 15,000, nyingi ni faini na riba. Kaunti ikauza kondo yake 40,000 na kubaki na chote. Mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 2023, majaji wote tisa wakasema ile ziada ni yake.

Mzee_Duluth:
Naangalia sasa hivi.

Neema_ATL:
Samahani, mimi niko Georgia, nimepata barua ya wakili wiki iliyopita. Nayo kuna miezi sita?

Dereva_TX:
Dada, Georgia ni kama sisi, Jumanne ya kwanza, na hakuna kukomboa. Barua ina tarehe gani?

Neema_ATL:
Niko shifti, iko kwenye gari.

Dereva_TX:
Nenda kwenye gari.