Naomba ushauri: vyumba vya meli ya utalii, tuko watu 13 wa familia moja na Mama yumo

Mama Wawili (mwenye uzi)

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo kabla sijalipa, maana safari hii tumeipanga kwa ajili ya Mama na sitaki ikaharibika kwa sababu ya chumba.

Mama ana miaka 74, anatembea na mkongojo, goti la kulia limeshachoka. Shangazi yuko peke yake. Kuna mimi, mume wangu na watoto wetu wawili, 10 na 7. Kaka yangu, wifi na kachanga kao ka miezi 9. Mdogo wangu wa kike na mumewe. Halafu wapwa wawili wa kiume, mmoja 19 na mwingine 17. Usiku 7, na siku mbili kati ya hizo ni bahari tupu, meli haitii nanga popote.

Nilichokuwa nimepanga: vyumba 6, vyote vya roshani, vimefuatana mstari mmoja, sitaha (ghorofa ya meli) ya juu kabisa upande wa omo, yaani mbele, ili Mama aione bahari vizuri na sote tuwe karibu yake. Mama chumba chake, Shangazi chake. Kaka yeye anasema ninatupa pesa. Anataka tuchukue ile bei ya chini ambayo unalipia daraja la chumba tu, namba wanakupangia wenyewe baadaye. Tumeshabishana wiki nzima. Nani yuko sahihi?

Kasia

Samahani dada, naona nyote wawili mmekosea, ila kosa la kaka yako ndilo litakaloumiza zaidi.

Mimi nilifanya hivyo hivyo. Watu 9, vyumba 4, tukachukua bei ya kupangiwa. Wiki mbili kabla ya kuondoka namba zikatoka: kimoja sitaha ya 2 mbele kabisa, viwili sitaha ya 6 nyuma, kimoja sitaha ya 9. Nikapiga simu, nikaambiwa meli imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa, hawakunidanganya. Mama mkwe wangu alipata kile cha mbele. Meli hizi ndugu yangu zina urefu wa mita 300 na ushee. Ukisimama kwenye korido mwanzo hadi mwisho humtambui mtu aliyeko upande wa pili. Siku ya tatu mama mkwe akaacha kuja kifungua kinywa. Alisema hana njaa, kumbe ni ule mwendo.

Bei ile ni nzuri kwa mtu asiyejali atalala wapi. Kwa kundi lenye mzee na mtoto mchanga, hapana.

Baharia wa Zamani

Nilihudumu vyumbani kwenye meli za utalii kwa miaka 6, kwa hiyo naomba niandike kwa kirefu kidogo. Dada, ule mpango wako wa juu na mbele ubadilishe leo hii.

Wahenga walisema kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani (tumboni mwa chombo). Kwenye suala la kuyumba, maneno hayo ni ya kweli jinsi yalivyo. Bahari ikichafuka, omo ndiyo inayonyanyuka na kushuka. Tezi, yaani nyuma, inapanda na kushuka pia, na juu yake inatetemeka kwa ajili ya mapanga ya injini, hasa meli ikiingia bandarini. Kadiri unavyopanda juu, ndivyo meli ikienda mrama unavyopeperushwa upande huu na huu. Palipotulia ni katikati ya meli, sitaha za chini au za kati. Mtu mwenye goti bovu akiwa omo, sitaha ya juu, usiku wa mawimbi, atashika ukuta akienda chooni. Nimewaona wengi, na wengine nimewainua mwenyewe sakafuni.

Jambo la pili ni kelele. Chukua ramani ya sitaha, usiangalie sitaha yenu peke yake. Angalia iliyo juu na iliyo chini. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba juu yake na vyumba chini yake. Ukilala chini ya bwawa la kuogelea, alfajiri utasikia viti vikiburutwa kupangwa, kimoja kimoja, krrr, krrr, viti mia na zaidi. Ukilala juu ya ukumbi wa muziki, ngoma utaisikia kitandani hadi usiku wa manane. Na yale maeneo meupe kwenye ramani yasiyoandikwa kitu, usidhani ni tupu. Mara nyingi ndipo kuna jiko, stoo, au njia ya mikokoteni yetu. Mbele kabisa sitaha za chini kuna mnyororo wa nanga. Ukishushwa asubuhi utadhani meli imepasuka.

La tatu watu wengi hawalijui. Kila eneo la meli lina idadi ya watu inayoruhusiwa kulingana na mashua za kuokolea za eneo hilo. Ndiyo maana unaweza kukuta chumba kina vitanda vinne, lakini mfumo unakataa mtu wa tatu na wa nne. Chumba kipo, nafasi kwenye mashua haipo. Kwa hiyo vyumba vya watu watatu na wanne ndivyo vya kukamata kwanza. Vya wawili wawili utavipata tu baadaye.

Lifti: Mama awe karibu nayo, lakini asitazamane nayo mlango kwa mlango. Milango mitano sita kutoka hapo inatosha. Watu wakisubiri lifti saa sita usiku wanaongea kwa sauti ya mchana.

Nuru77

Naongezea kitu kidogo cha namba, maana kilinigharimu. Nilichukua vyumba 8120 na 8121 nikijua ni majirani. Kumbe kwenye meli nyingi namba shufwa ziko upande mmoja wa meli na witiri upande mwingine. Jirani wa 8120 ni 8122. Yule wa 8121 alikuwa ng'ambo, korido nyingine kabisa. Usitazame namba, tazama ramani.

Pia bafu. Mlango wa bafu la meli una kizingiti kilichoinuka, maji yasimwagike chumbani. Baba yangu alikikwaa usiku wa kwanza, akapasuka paji la uso. Kuna vyumba vya wenye shida ya kutembea: milango mipana, bafu tambarare bila kizingiti, vyuma vya kushika, kiti cha kuogea. Ni vichache mno kila meli na vinaisha mapema. Utajaza fomu kuonyesha kwamba kweli vinahitajika. Kwa Mama yako ningeulizia hicho kabla ya kitu kingine chochote.

Mpenda Mawimbi

Mimi ningesema msilazimishe wote 13 kuwa mstari mmoja. Mdogo wako na mumewe waache wachukue ile bei ya chini anayoitaka kaka. Wao wana miguu mizima. Wenye kuhitajiana ndio wakae karibu.

Mama Wawili (mwenye uzi)

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Baharia, la mashua za kuokolea sikuwahi kulisikia mahali popote.

Nina maswali matatu. Kwanza, Shangazi ameambiwa alipe karibu sawa na watu wawili kwa sababu yuko peke yake. Hii ni kweli au wakala ananionea? Pili, vyumba vyenye mlango wa ndani kwa ndani vinafaa kwetu na watoto? Tatu, ni kosa kuchukua vyumba vya ndani visivyo na dirisha kwa vijana?

Baharia wa Zamani

Wakala hakuonei. Bei inapigwa kwa kila mtu, wawili chumbani. Mmoja akikaa peke yake hulipishwa nyongeza, na mara nyingi inafikia bei ya mtu mzima wa pili. Kuna meli zenye vyumba vidogo vya mtu mmoja: Norwegian Epic ilipoanza kazi mwaka 2010 ilikuwa navyo 128, na baadaye kampuni nyingine zikafuata. Kama meli yenu haina, Shangazi alale na Mama. Vitanda viwili vinatenganishwa, kila mtu na chake. Ila mwambie wakala aandike hivyo, la sivyo mtakuta vimeunganishwa kuwa kimoja.

Mlango wa ndani kwa ndani ni mzuri kama pande zote mbili ni zenu. Ukiwa na mgeni upande wa pili utajuta, ule mlango haushiki sauti kama ukuta. Kachanga ka kaka yako kasiwe na mlango wa aina hiyo kwa mtu baki. Na wifi ajue kwamba kitanda cha mtoto kikiwekwa, kabati halifunguki vizuri. Nilikuwa nakisogeza kila jioni, mama mtu anatoa nguo za kesho, nakirudisha.

Vyumba vya ndani ni salama na bei yake ni nafuu, ila giza lake ni giza kweli, hujui kumekucha. Wageni wengine walikuwa wanaacha runinga kwenye ile chaneli ya kamera ya mbele ya meli, sauti imezimwa. Jua likichomoza, chumba kinapata mwanga. Kuta nyingi ni za chuma pia, wakibeba kulabu za sumaku watapata pa kutundika taulo na kofia.

Bi Salama

Mwanangu, hao vijana angalia umri wao. Kampuni nyingi, hasa za Marekani, zinataka kila chumba kiandikishwe angalau mtu mmoja wa miaka 21 au zaidi. Wako ni 19 na 17. Ukiwaweka peke yao wanaweza kukataliwa kabla hujamaliza kulipa. Suluhisho ni kumwandikisha mtu mzima kwenye kila chumba kati ya viwili vilivyounganishwa, halafu mnagawana kulala mtakavyo na kuomba funguo za ziada.

Na uulize kwa upole kama kuna mjamzito. Meli kwa kawaida hazimpokei aliyefika wiki ya 24, na zinahesabu mpaka siku ya mwisho wa safari, siyo siku ya kupanda. Mtoto wa miezi 9 huwa anakubaliwa, kima cha chini kwa safari nyingi ni miezi 6. Lakini safari zenye siku nyingi za bahari tupu zinataka afikishe miezi 12. Soma masharti ya safari yenu yenyewe.

La mwisho kwako. Umesema Mama atalala wapi, Shangazi atalala wapi. Umemuuliza Mama?

Mama Wawili (mwenye uzi)

Bi Salama, shikamoo. Swali lako limenikaa moyoni usiku kucha, na ukweli ni kwamba sikuwa nimemuuliza.

Nimempigia leo. Nilidhani atataka chumba chake mwenyewe. Akaniambia, "Nikae peke yangu baharini nimekosa nini? Niwekee wifi yangu." Yeye na Shangazi wametoka mbali, walikuwa wakilala chumba kimoja tangu mimi sijazaliwa. Roshani hakuiulizia. Aliuliza tu kama dirisha linafika chini kiasi cha kuona nje akiwa amekaa kitandani.

Na ujauzito upo. Mdogo wangu alikuwa bado hajatuambia. Nilipomuuliza alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Tumehesabu pamoja: safari itaisha akiwa wiki ya 19. Daktari wake atampa barua. Kwa hiyo ile bei ya kupangiwa kwake nimeifuta, naye awe katikati na chini pia, asije akalewa bahari.

Sasa mpango ni vyumba 5, vyote katikati ya meli, sitaha moja yenye vyumba juu na chini. Mama na Shangazi kwenye chumba cha bafu tambarare chenye dirisha. Kimebaki kimoja tu, wakala amekishikilia hadi kesho. Vyumba viwili vya mlango wa ndani kwa ndani: kimoja nimeandikishwa mimi na watoto, kingine mume wangu na wapwa. Mwanangu mkubwa atahamia kwa kaka zake, mume wangu atarudi kwetu. Kaka, wifi na mtoto chumba cha roshani, ili mmoja akae nje mtoto akilala. Mdogo wangu na mumewe chumba cha ndani, ng'ambo ya korido kutoka kwa Mama.

Chumba kimoja kimepungua, na nyongeza ya mtu mmoja imeondoka mara mbili. Kaka alipoona jumla hakubishana tena. Kuna lolote nimesahau?

Kasia

Mambo matatu. Namba zenu za kuhifadhia nafasi ziunganishwe zote 5, la sivyo chakula cha jioni mtapewa meza tofauti. Kwa kampuni nyingi punguzo la kundi huanzia vyumba 8, kwa hiyo msilisubiri hilo. Na wakala aandike kwamba hamtaki kuhamishiwa chumba cha daraja la juu bila kuulizwa. Wanaweza kuwapa kizuri zaidi, ila kiko sitaha nyingine.

Baharia wa Zamani

Umepanga vizuri dada. Siku ya kupanda, mtafute mhudumu wa vyumba vyenu mapema, kabla hajaanza kuandaa vitanda vya jioni. Mwonyeshe nani analala wapi kwa kweli, siyo kwenye karatasi. Vile vitanda vya juu hukunjwa ukutani au darini, naye ndiye mwenye ufunguo wa kuvishusha. Ngazi aifunge vizuri, na yule wa miaka 7 asipande juu.

Kituo cha kukusanyikia wakati wa dharura kimeandikwa kwenye kadi ya kila mtu. Watoto na wapwa wajue kadi yao inasema wapi, maana ndiko majina yao yatakakoitwa. Mpelekeni Mama kituoni kwake kwa miguu siku ile ile ya kwanza, taratibu, aijue njia. Akihitaji msaada wa ngazi, mwambieni mhudumu hapo hapo, ataandikwa kwenye orodha ya watu wanaofuatwa vyumbani.

Mama Wawili (mwenye uzi)

Nimeyanakili yote kwenye daftari. Nampigia wakala asubuhi ofisi ikifunguliwa, naanza na kile chumba cha Mama.