Naanza kujifunza kunyoa kwa wembe wa kukunja, ninunue nini kwanza?

Mwana_Ilala:
Wakuu, habari za jioni. Nina ndevu ngumu za kujikunja na nimechoka na mashine ya saluni. Nataka kujifunza kunyoa mwenyewe kwa wembe wa kukunja, ule wenye makali yake ya kudumu, siyo wa kubadilisha viwembe. Bajeti yangu ni laki tatu. Mtandaoni kuna seti nzima kwa elfu themanini: wembe, mkanda wa ngozi, jiwe, brashi na bakuli. Niichukue? Nakaa Dar, na shingoni natoka vipele kila ninaponyoa hadi chini kabisa. Naombeni ushauri wa waliotangulia.

BabaKinoo:
Mkuu, hiyo seti iache. Nyembe nyingi za seti za bei hiyo hazijanolewa kufikia hatua ya kunyoa, na nyingine chuma chake ni laini, hazishiki makali hata ukizinoa. Anayeanza hawezi kujua tatizo liko kwenye wembe au kwenye mkono wake. Ndiyo maana wengi wanaacha mapema, na inaniuma kwa sababu kazi yenyewe ni nzuri.

Pesa yako ielekeze kwenye vitu viwili: wembe ulionolewa na mtu anayejua, na mkanda wa kulainishia makali kabla ya kunyoa. Wembe si lazima uwe mpya. Za zamani za Solingen (Ujerumani) au Sheffield (Uingereza), miji yenye sifa ya nyembe, zikikarabatiwa vizuri zinanyoa kama mpya. Tafuta upana wa inchi 5/8 au 6/8, na ncha ya mviringo. Ncha ya pembe inachoma sikio na kona ya mdomo kabla hujazoea. Muulize muuzaji amenoa hadi jiwe namba ngapi; namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi. Akisema ameishia 1000, hapo makali yamewekwa tu, bado hayajalainishwa. Wembe wa kunyolea hupandishwa 4000, kisha 8000, na wengi humalizia 12000.

Mkanda chukua wa inchi 3, wembe unakaa wote bila kuuhamisha pembeni. Upande mmoja uwe ngozi, mwingine turubai. Usinunue wa gharama, wa kwanza lazima utaukwaruza. Uvute ukaze, laza wembe bapa, mgongo utangulie na makali yafuate. Ukifika mwisho, uviringishe juu ya mgongo wake ndipo urudi. Ukiugeuzia upande wa makali, umekata ngozi na umeharibu makali kwa mpigo mmoja. Kabla ya kila kunyoa, kama mara 20 kwenye turubai na 40 hadi 60 kwenye ngozi.

Jiwe usinunue sasa. Ukiupitisha vizuri mkandani, wembe unakaa miezi bila kuhitaji jiwe.

Chumbageni:
Natofautiana kidogo na mkuu hapo juu. Mimi ningemwambia aanze na ule wa vinyozi wetu, wa kuweka nusu kiwembe. Kishikio ni bei ndogo, kiwembe kikiisha unatupa, hakuna mkanda wala kunoa. Ajifunze kwanza kushika na kulaza wembe kama nyuzi 30 kutoka kwenye ngozi. Akiona anaupenda mchezo, ndipo atoe laki zake.

BabaKinoo:
Hoja ya gharama nakubali. Ila kile ni chepesi na kiwembe chake ni kikali mno, hakisamehi. Wa chuma kizima una uzito wake, mkono hauhitaji kubonyeza. Anayejikata na kile mwanzoni hudhani nyembe zote ziko hivyo.

Dada_Kliniki:
Samahani kuingilia, nafanya kazi kliniki ya ngozi. Kaka, hivyo vipele ndiyo jambo la kwanza kwako, kabla ya chapa ya wembe. Nywele ya kujikunja ikikatwa chini ya usawa wa ngozi, inapoota inachoma kwa ndani au inajipinda na kurudi kwenye ngozi. Mwili unaishambulia kama mwiba. Kwa hiyo fuata uelekeo wa ndevu, mara moja tu, usirudi kinyume chake, na ngozi usiivute kupita kiasi. Ubaki na vinyweleo kidogo, ni salama kwako. Ukiona usaha au makovu yanavimba, weka wembe chini uje uonwe.

Na wembe usiazimane, hata na ndugu. Virusi vya homa ya ini B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi.

Mkaazi_wa_Rhine:
Niko Ujerumani. Jina Solingen linalindwa na sheria, wembe wenye jina hilo unatakiwa uwe umetengenezwa eneo la Solingen. Feki zipo hata hivyo. Mpya kutoka kwa watengenezaji kama Dovo mara nyingi unavuka euro 100 kabla ya usafiri, kwa hiyo kwa bajeti yako wa zamani ndiyo sahihi.

Mwana_Ilala:
Asanteni sana, dada ubarikiwe. Je, brashi na sabuni? Na unyevu wa huku hautauharibu?

BabaKinoo:
Brashi ya nyuzi za plastiki inatosha, inakauka haraka. Sabuni yoyote ya kunyolea inayotoa povu zito. Povu likiteremka shavuni lina maji mengi, likikauka kabla hujamaliza upande mmoja ongeza matone. Baada ya kunyoa, lowesha shabu ya jiwe upake, mikato midogo inakauka.

Unyevu wa Dar ni adui kweli, chuma hiki kinashika kutu. Kausha hadi kwenye bawaba, pitisha tone la mafuta ya cherehani, na usiuhifadhi bafuni.

Mwanzoni nyoa mashavu peke yake, kidevu na shingo malizia kwa mashine yako.

Mwana_Ilala:
Nimempata muuzaji wa zamani wa Solingen, 5/8, ncha ya mviringo. Anasema amenoa hadi 12000. Nimwombe nini kabla sijalipa?

BabaKinoo:
Picha mbili, karibu na dirisha. Moja ya makali kwa urefu wote, tuone kama kuna pengo au ufa. Nyingine ya mgongo, tuone kama umelika upande mmoja. Ziweke hapa.