Ushauri: naongezaje dopamini sehemu ya mbele ya ubongo kabla ya Jumatatu?

Kijana wa Ihumwa: Wakuu, habari za usiku. Nipo chuo hapa Dodoma, Jumatatu nawasilisha semina mbele ya jopo. Nikifanya mazoezi nasahau sentensi katikati. Nimesoma kwamba kushika mambo kichwani ni kazi ya gamba la mbele la ubongo, na dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, ndiyo inayoliendesha. Naiongezaje haraka? Chakula, mazoezi, chochote. Sina amani.

Zabibu Kavu: Ndizi ina dopamini, ila haivuki kutoka kwenye damu kuingia ubongoni. Mbegu za upupu zina levodopa, malighafi ya dopamini, hiyo inavuka. Usiende kuzichuma lakini, utawasha jopo zima.

Mwl. Makulu: Swali limekaa upande. Ujumbe kati ya niuroni (seli za neva) za huko unabebwa hasa na kemikali nyingine, glutamati. Dopamini inarekebisha tu nguvu yake. Inatoka kwenye niuroni za ubongo wa kati, inasambaa hata nje ya sinapsi (maungio ya niuroni), inashika vipokezi vyake, D1 na D2. D1 hupandisha cAMP, kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli. Kwa kiasi, mikondo ya umeme ya NMDA (vipokezi vya glutamati) inaimarika, na niuroni zinaendelea kupigiana hata kichocheo kikishaondoka. Ndivyo unavyoishika sentensi mpaka uimalize. Ikizidi, cAMP inafungua vitundu viitwavyo HCN kwenye matawi ya seli, umeme unavuja, mtandao unakatika. Ukichora unapata kichuguu: dopamini ikiwa kidogo mno au nyingi mno, kumbukumbu iko chini.

Mwaka 1979 mtafiti Brozoski na wenzake waliwapunguzia nyani dopamini sehemu hiyo. Nyani hao wakashindwa kukumbuka upande waliochagua mara iliyopita, karibu sawa na nyani waliokatwa gamba lenyewe.

Sasa sema, unameza nini?

Kijana wa Ihumwa: Kahawa tu, na kinywaji cha kuongeza nguvu.

Mwl. Makulu: Na nini tena?

Kijana wa Ihumwa: Sawa. Methilifenideti, dawa ya ADHD (tatizo la kutotulia na kutozingatia), ya mwenzangu wa chumbani. Aliandikiwa na daktari, na yuko fiti. Nilimeza jioni saa 12, nikakesha mpaka adhana ya alfajiri. Kama kwake inafanya kazi, kwangu ishindwe kwa nini? Na hela nimeshampa.

Mama Nzuguni: Vijana mna haraka! Watu wamesoma kwa ugali wa uwele na mlenda, wakafaulu. Mtangulize Mungu mwanangu, ulale.

Mwl. Makulu: Kwa nini ishindwe? Gamba la mbele lina visafirishaji vichache vya dopamini, yaani protini za kuirudisha ndani ya seli. Inayomwagika huondolewa zaidi na visafirishaji vya kemikali jirani, noradrenalini, na kimeng'enya COMT kinachoivunja, na wengine wamezaliwa na COMT ya kasi, wengine ya taratibu. Dozi inayompandisha yeye kileleni inaweza kukuporomosha wewe upande wa pili. Na hofu ya jopo yenyewe inamwaga dopamini hukohuko.

Nkuhungu Original: Mods, hii chai. Methilifenideti ya kawaida inakaa kama masaa 4. Huyu kameza saa 12 jioni kakesha hadi alfajiri? Na ni dawa ya kudhibitiwa, sasa inauzwa hosteli?

Kijana wa Ihumwa: Sio chai. Pakiti imeandikwa 18 mg, inaachia taratibu. Tangu jana nakikata kidonge kwa wembe, kipungue makali.

Mwl. Makulu: Basi hesabu imekubali. Kile kizima kinafanya kazi kwa takribani masaa 12, ndiyo maana hukulala. Ila hakikatwi wala hakitafunwi: ukikipasua, dawa iliyopangwa kutoka kidogokidogo inaweza kumwagika kwa mkupuo, moyo ukaenda mbio, presha ikapanda. Acha vyote, pamoja na kinywaji. Kesho asubuhi kapime presha na mapigo, na umwambie daktari ulichomeza. Kifua kikibana au ukizimia, ni hospitali usiku huuhuu. Semina iandike kwenye karatasi moja, vichwa vya hoja tu, uisome kwa sauti ukiwa umesimama.

Kijana wa Ihumwa: Na Jumatatu asubuhi nikimeza kimoja, kizima, mara ya mwisho?

Mwl. Makulu: Hapana. Hujapimwa, hujalala, na utakuwa na hofu. Mrudishie mwenyewe, naye anabaki na dozi pungufu.

Nkuhungu Original: Picha ya pakiti bado nasubiri.