Darasa la pili: wanasoma habari vizuri lakini hawajui inahusu nini

ChakiNyeupe:
Walimu, salaam. Nina watoto 68, darasa la pili. Hadithi hazina shida. Ila nikiwapa habari ya wanyama au mimea nikauliza "hii inahusu nini?", wananirudishia sentensi ya kwanza au kitu kilichowafurahisha. Kwenye habari ya mbuyu nusu ya darasa walijibu "mabuyu". Kutafuta neno linalojirudia hakusaidii. Nianzie wapi?

MkufunziLugha:
Kwa Kiswahili mbinu hiyo huwaangusha, mwalimu. Tazama: "Nyuki huishi kwenye mzinga. Hutengeneza asali. Wakichokozwa huuma. Husaidia pia mimea kuzaa matunda." Nyuki katajwa mara moja tu, kisha akajificha kwenye vitenzi. Asiyeweza kumfuata ataona asali na matunda.

Andika habari ubaoni bila kichwa, sentensi 4 au 5. Kwa kila sentensi uliza: nani huishi? Nani hutengeneza? Jibu liandike juu ya kitenzi kwa chaki ya rangi. Mwishowe "nyuki" anaonekana mara nne. Mbuyu una mtego wa ziada: "shina lake", "matunda yake". Hapo uliza "ya nini?" Mtoto akisema "ya mbuyu", ameshaona kwamba mabuyu ni sehemu tu ya habari.

MamaKKK:
Naongezea. Wakishajibu, lipime jibu kwa kadi za manila: MABUYU, MBUYU, MITI. Soma sentensi moja moja huku umeshika kadi, waulize "hii inaingia?" MABUYU itaiacha nje sentensi ya shina kuhifadhi maji. MITI inazibeba zote, lakini ingebeba hata mwembe na mwarobaini ambao hawamo. Kadi hii pana ndiyo ngumu, usiilete mpaka wameizoea ile finyu.

Halafu angalia habari unazochagua. Zote zikitaja mada kwenye sentensi ya kwanza, wanajifunza ujanja wa kunakili. Changanya: moja ianze kwa swali, nyingine itaje mada mwishoni.

ChakiNyeupe:
Ahsanteni. Na wale ambao bado wanasoma silabi kwa silabi?

MkufunziLugha:
Wasomee wewe, mara mbili, polepole. Wakijibu sawa kwa kusikiliza, ufahamu wanao, tatizo ni usomaji, na hilo lina kipindi chake. Anayefika mwisho wa sentensi akiwa amesahau mwanzo utamwonea bure kwa swali la mada.

TichaWaPwani:
Angalizo moja: msidai wazo kuu mapema. "Nyuki" ni mada, neno moja au mawili. "Nyuki wana faida nyingi kwa watu" ni wazo kuu, sentensi kamili, na kuipata lazima mtoto aunganishe sentensi zote. Naona walimu wengi wanauliza la kwanza kisha wanasahihisha kwa la pili, mtoto aliyepatia anapigwa mkasi. Kwa darasa la pili mada inatosha, pamoja na sentensi mbili anazozionyesha kwa kidole kama ushahidi.