Sokoine: nyinyi mliokuwepo mwaka 1983, mliona nini?

Kijana wa Makambako

Shikamooni wakubwa. Baba yangu mdogo ana kibanda cha kutengeneza baiskeli, na kila tarehe 12 Aprili anafunga saa kumi jioni. Nikimuuliza ananijibu, "Leo siku ya Sokoine," basi. Nimesoma kwamba Edward Moringe Sokoine alizaliwa Monduli mwaka 1938, akaingia bungeni 1965, akawa Waziri wa Ulinzi 1972, kisha Waziri Mkuu wa Tanzania mara mbili: 1977 hadi 1980, halafu Februari 1983 mpaka alipofariki Aprili 1984. Hiyo mara ya pili haitimii miezi 14, lakini ndiyo watu wazima wanayoizungumzia. Mliokuwepo, mliona nini?

Mama wa Dumila

Marahaba mwanangu. Nilikuwa na miaka 16, kwa hiyo nitakueleza ya nyumbani kwetu Dumila, barabara ya Dodoma.

Naanza na sabuni. Vita ya Kagera, ile ya kupigana na Idi Amin wa Uganda, ilikuwa imetukausha, duka la kijiji rafu tupu. Mche ukija unakatwa kwa uzi, vipande sita, kila kaya kipande kimoja, mjumbe wa nyumba kumi kasimama pale na daftari lake. Mama alikuwa anakianika kwanza kipande chetu juani, kikauke, kisiishe upesi. Mashati ya baba tulifulia majani ya mpapai. Na wakati huohuo kila mtu alijua nyumba ambayo ukigonga usiku ukiwa na pesa ya bei ya kuruka, yaani bei ya magendo, sukari ipo.

Mwishoni mwa Machi 1983 Sokoine akaanzisha msako wa walanguzi. Asubuhi moja natoka kuteka maji, nakuta mtaroni doti za khanga, mpya kabisa, karatasi zake bado zimebandikwa, zimelowa umande. Mwenyewe kazitupa usiku asikutwe nazo. Nilizitazama mpaka ndoo ikanilemea kichwani. Sikugusa hata moja, mama alishatukataza. Mwanangu, sisi tulikuwa tunavaa viraka! Siku ile ndipo nilipojua kwamba vitu vilikuwepo muda wote, ila vimefichwa. Kabla yake tuliambiwa hakuna. Sokoine ndiye aliyetufumbua macho, na mimi simsahau kwa hilo.

Mtoto wa Muuza Duka

Shikamoo mama. Nakuheshimu, ila nyumbani kwetu msako huo ulikuja kwa sura nyingine. Baba alikuwa na kiduka cha rejareja. Walimkuta na katoni tatu za sabuni, risiti hana. Akakaa ndani miezi saba. Sheria ya uhujumu uchumi ya 1983 haikuruhusu wakili, na kesi hazikwenda mahakama za kawaida, zilipelekwa kwenye baraza maalumu. Tena ilipitishwa Aprili, watu wameshakamatwa tangu Machi. Baba aliachiwa bila kusomewa shitaka lolote, na katoni hazikurudi. Hakufungua duka tena, akalima mihogo mpaka anaingia kaburini. Waliokamatwa nchi nzima walizidi 1,000. Akitajwa Sokoine, wa aina ya baba yangu nao watajwe.

Mama wa Dumila

Pole sana mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili. Baba yako alionewa, na sitakuambia eti ndiyo vita ya walanguzi ilivyo. Sheria ile haikudumu, mwaka 1984 ikatungwa nyingine iliyorudisha mawakili na kuzipeleka kesi hizo Mahakama Kuu. Kwa baba yako ilikuwa imechelewa.

Ila naomba Sokoine atazamwe mzima, asiishie kwenye msako. Mwaka huohuo wa 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam, kwa sababu mabasi ya UDA, shirika la umma la usafiri, yalikuwa yamezidiwa. Nauli shilingi 5, sarafu ambayo watu waliiita dala, na jina la daladala likatoka hapo. Kwa chama kilichotaka kila kitu kiwe cha umma, kukubali hivyo hakukuwa jambo dogo.

Sasa nimjibu kijana kuhusu hiyo saa kumi. Alhamisi ile, 12 Aprili 1984, tulikuwa shambani kando ya barabara. Msafara ukapita ukitoka Dodoma, tukanyoosha majembe juu kumsalimu. Dakawa si mbali na kwetu. Huko ndiko gari lake lilikogongana na gari la mkimbizi wa Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 45. Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyetangaza redioni, na alisema ilikuwa saa kumi. Betri zilikuwa adimu, baba alifungua redio kwa taarifa ya habari tu. Usiku ule aliiacha inaimba maombolezo mpaka betri zikafa, na hakuna aliyemwambia azime. Walimzika kwao, Monduli Juu.

Kijana wa Makambako

Asanteni sana. Mtoto wa Muuza Duka, pole kwa mzee. Jioni hii nimemsomea baba mdogo yote, yeye akiwa ameshika spoku mkononi. Kwa baba yako alisema, "Walikuwepo, tena wengi." Mama, kwako alisema kwao mche ulikatwa vipande vinane.