Siku nne na familia: Lushoto, Pangani au Kilwa?

Mzee wa Likizo: Wakuu, habari za asubuhi. Nina siku nne, natokea Dar na familia. Nataka mandhari na utulivu, Zanzibar hapana. Nimebakiza Lushoto, Pangani upande wa Ushongo, na Kilwa Masoko. Chumba natakiwa kulipia Ijumaa. Naombeni mawazo.

bamvua: Mwezi gani? Gari gani? Watoto wa umri gani? Bila hayo tunapiga ramli, mkuu.

Msambaa Halisi: Lushoto, mjadala ufungwe. Mombo unakunja, unapanda kama kilomita 33, lami mpaka mjini, njiani kuna maporomoko ya Soni. Irente, pale pa kutazamia bonde, nenda alasiri. Asubuhi ukungu mara nyingi unafunika bonde lote na utapiga picha ya maziwa ya mgando. Kama una nguvu, tafuta mwongozaji uingie msitu wa Magamba.

Mzee wa Likizo: Samahani wakuu. Ni mwisho wa Julai. Gari ni Toyota Raum, ndogo ya chini. Watoto miaka 3 na 9.

Msambaa Halisi: Julai basi bebeni masweta mazito, na muulize kama chumba kina maji ya moto kweli au ya ndoo. Matunda yapo tele, plamu zile...

Jirani wa Soni: Plamu Julai? Zinaiva kuelekea Desemba na Januari. Usimdanganye mgeni.

bamvua: Julai ni kusi, upepo wa kutoka kusini, bahari inachafuka hasa mchana. Pangani bado inafaa, ila upange kwa mwezi, usipange kwa kalenda ya ofisi. Siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana kuliko siku nyingine: maji yanakupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, yanajaa saa kumi au kumi na moja jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, kujaa na kupwa ni kudogo, na saa zinageuka: saa nne asubuhi bahari imejaa, watoto wanaogelea mbele ya chumba. Kila siku saa inasogea kama dakika 50.

Kosa linalojirudia ni Maziwe. Zamani kisiwa kilikuwa na mivinje, leo ni fungu la mchanga tu, hakuna kivuli hata cha kuku. Kuna wanaouza safari kwa saa ileile kila siku. Siku ya bamvua boti ikitoka saa sita, mnafika saa saba maji yameshaanza kupanda. Hamjamaliza kula, mchanga umebaki kama mkeka, vikapu vinaelea. Kurudi ni dhidi ya kusi, mawimbi yanaingia ubavuni, watoto wanatapika, simu zimelowa. Kwa hiyo siku ya bamvua toka saa mbili asubuhi, ondoka Maziwe ifikapo saa sita na nusu. Jaketi la kuokolea la mtoto wa miaka 3 uliza mapema. La mtu mzima linamvuka kichwani.

Na Ushongo iko ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa kusini. Kwa Raum, lala upande wa Mkoma, huku kaskazini ya mto. Usihangaike na kivuko wala mchanga.

Mmachinga wa Masoko: Kilwa mmeiruka hivihivi? Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu hapo mbele ya Masoko, ni urithi wa dunia tangu 1981: msikiti mkuu, na jumba la kale la Husuni Kubwa. Chukua kibali hapo Masoko kabla ya kupanda boti.

Jirani wa Soni: Magofu ni kutembea juani. Huyo wa miaka 3 utambeba wewe?

Mmachinga wa Masoko: Wa miaka 9 ataelewa historia.

Jirani wa Soni: Na barabara? Mei 2024 Kimbunga Hidaya kiliikata pale Somanga.

Mmachinga wa Masoko: Hiyo ilikuwa masika. Julai ni kiangazi, dada.

Fundi Breki: Akienda Lushoto, tatizo ni kushuka. Gari ya auto weka gia ndogo, L au 2, usikanyage breki mfululizo. Oili ya breki ikichemka, pedali inazama mpaka chini. Ukisikia harufu ya kuungua, simama zipoe zenyewe. Ukizimwagia maji diski zinapinda.

Mzee wa Likizo: Mama watoto anataka Lushoto, watoto wanataka maji. Oili haijabadilishwa tangu ninunue gari.

Fundi Breki: Hapo ndipo pa kuanzia. Oili ya zamani imenyonya unyevu, inachemka mapema. Weka DOT 4, hilo ni daraja la oili ya breki, limeandikwa kwenye chupa.

bamvua: Raum si DOT 3?

Fundi Breki: DOT 3 na 4 zinachanganyika. DOT 5 ndiyo usiiguse.